Mgeni Aliyeulizia Kanda za Mjomba

Fundi kufuli mmoja aliitwa Thibitisha, na jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na wateja. Ungemkimbilia jasho likikutoka, ukamwambia umejifungia nje na ufunguo umebaki mezani, naye asinyanyuke kwenye kigoda chake mpaka akuulize, "Nyumba ni yako? Thibitisha." Ukimpa kitambulisho, anakitazama mbele na nyuma. Ukimletea jirani akushuhudie, anamuuliza jirani naye anakaa wapi. Siku moja mama mkwe wake mwenyewe alijifungia nje, akamwita mkwe, na fundi akasimama mlangoni na bisibisi mkononi akamuuliza mapazia ya chumbani yana rangi gani. Mama mkwe hakumsemesha miezi miwili.

Hakuwa na roho mbaya. Alipokuwa angali mwanagenzi alimfungulia mlango bwana mmoja mwenye maneno matamu na viatu vinavyong'aa, na kesho yake mwenye nyumba halisi akarudi safarini akakuta kuta tupu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile fundi hakuwahi kuona kiatu kinachong'aa bila kujiuliza kimefuata nini.

Kitu alichokipenda bila kukihoji kilikuwa kasha la mbao alilolificha nyuma ya kabati sebuleni. Ndani mlikuwa na deki ya kuchezea kanda za video, mashine ya gemu yenye padi mbili, kaseti saba za gemu, na kanda za filamu, kumi kati ya kumi na moja za awali. Vyote vilikuwa vya marehemu mjomba wake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita na ambaye alikuwa na chumba cha video: mabenchi sita, runinga iliyofungiwa ndani ya wavu wa chuma, na mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu.

Asubuhi chumba kile kilikuwa cha gemu, mchana cha filamu. Na mjomba hakuwa na hamu na filamu za kununa. Alipenda zile zinazozikejeli filamu za kununa: jasusi ambaye masharubu yake ya gundi yanadondokea kwenye supu, mzimu unaoogopa giza, shujaa mwenye bastola ambaye farasi wake anaketi chini katikati ya vita na kukataa kuondoka. Filamu zenyewe zilisema lugha za mbali, basi mjomba alisimama kando ya runinga na fimbo yake, akawasemea wote, shujaa anayeitwa stelingi, adui, bibi harusi na farasi. Hakutafsiri, alitunga. Watu walikuja kuitazama filamu ileile mara tano kwa sababu kila mara mjomba alikuwa amewabadilishia wahusika wivu na madeni.

Mjomba alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyempita fundi kwa mwaka mmoja. Walimwita Nyuki, kwa jinsi kidole gumba chake kilivyovuma juu ya vitufe vya padi. Gemu yake ilikuwa ile ya zimamoto anayepanda jengo kuokoa paka, huku akikwepa vyungu vya maua vinavyorushwa madirishani. Wengine walifia ghorofa ya tatu, kwenye moshi. Nyuki alifika juu ya paa amefumba jicho moja, kwa dharau tu. Binamu hao wawili walilala kitanda kimoja na kugawana mkate mmoja, mpaka Nyuki alipofikisha miaka kumi na minane, akagombana na baba yake, akaondoka na begi moja. Hakuandika barua. Mjomba alipofariki miaka tisa baadaye, hakuna aliyejua habari zipelekwe wapi. Kasha likabaki kwa fundi.

Ikapita miaka thelathini na mitatu tangu kuondoka kwake. Siku moja simu ikalia fundi akiwa kibandani anachonga ufunguo.

"Nyuki hapa," sauti ikasema.

"Nyuki gani?"

"Kwani unawajua wangapi, ndugu yangu?"

Fundi akazima mashine ya kuchongea. Alijua mara moja kwamba anapaswa kufurahi, na alishangaa kwamba hafurahi. Mwezi uliopita tu jirani yao mjane alikuwa amempokea bwana aliyedai kuwa binamu wa marehemu mumewe. Akamlisha siku nne, na ya tano bwana akatoweka na cherehani. Na wiki mbili kabla, fundi wa redio wa mtaa wa pili alikuwa amemwambia kwamba gemu za zamani sasa zinatafutwa na watu kama madini. "Wewe si ulikuwa nazo?" alimuuliza. Fundi alijibu hakumbuki.

"Nitakuja Alhamisi," sauti ikasema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, ikauliza, "Zile kanda za baba, bado zipo?"

Hapo ndipo mkeka wa mashaka ulipotandikwa.

Alhamisi mgeni akafika. Mtu mrefu, mvi kichwani, koti la kijivu, na viatu, fundi alivitazama kabla ya kumtazama uso, viatu vinavyong'aa. Alimkumbatia fundi kwa mkono mmoja wa kushoto. Mkono wa kulia ulibaki mfukoni.

"Karibu, karibu shemeji yangu!" mke wa fundi akasema, akimpokea begi. Huyu mama alikuwa mkunga kwa kazi yake, amezoea kumkaribisha kila anayekuja bila kumuuliza katoka wapi. "Mume wangu kila siku Nyuki, Nyuki. Nikadhani ni hadithi ya kutunga."

"Hata mimi nadhani hivyo wakati mwingine," mgeni akajibu, na mama akacheka sana. Fundi hakucheka. Aliona mgeni akinyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, na Nyuki hakuwa mashoto.

Akaanza kumpima polepole, kama anavyolipima kufuli asilolijua. Mlango wa chumba cha video ulikuwa na rangi gani?

"Bluu," mgeni akasema.

"Kijani," fundi akasema.

"Basi baba aliupaka upya baada ya mimi kuondoka. Uliwahi kuwa wa bluu, kumbuka, ukatuchafua kaptula za shule."

Ni kweli. Fundi alikuwa amezisahau zile kaptula. Mtu mwingine angeridhika. Yeye alizidi kuingiwa na baridi. Alipokosa, alikuwa mwongo. Alipopatia, alikuwa amefundishwa. Ndivyo ulivyo ugonjwa huo, kila dawa unayoupa unaugeuza chakula.

Usiku mkewe alimwambia, "Mbona unamkodolea mgeni macho kama polisi?"

"Amekuja na mkono mfukoni."

"Basi ana baridi."

"Joto lote hili?"

"Lala, bwana wee. Ungekuwepo siku niliyozaliwa ungemuuliza mama kitambulisho."

Asubuhi ya Ijumaa mgeni alikwenda kuoga, mama alikuwa zamu, na begi likabaki sebuleni, limefungwa kwa kufuli dogo la shaba. Fundi alilitazama. Kwa miaka zaidi ya thelathini hakuwahi kufungua kufuli la mtu bila idhini ya mwenyewe; hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake yote duniani. Kufuli lile lilimchukua muda wa kupumua mara mbili.

Ndani alikuta nguo zilizokunjwa vizuri, dawa za kuchua, waya mrefu mweusi, kifaa kipya cha kurekodia, na kipande cha karatasi chenye mwandiko mbovu, kama wa mtoto: *Deki ipo? Kanda ya karatasi nyekundu. Usiondoke bila hiyo.*

Maji ya bafuni yakakatika. Fundi alirudisha kila kitu, akafunga kufuli, akaketi na gazeti. Moyo ulimpiga, na hakujua kama ni kwa sababu amemkamata mwizi au kwa sababu amekuwa mmoja. Mwandiko ule haukuwa wa Nyuki. Nyuki alikuwa na hati ya kupendeza. Na kanda ya karatasi nyekundu, miongoni mwa zote kumi na moja, ndiyo aliyokuwa na sababu zake mwenyewe za kutotaka iguswe.

Akaamua kumaliza mambo. Jumamosi baada ya chakula cha mchana alilivuta kasha kutoka nyuma ya kabati, akaunganisha mashine kwenye runinga kuukuu, akaipuliza kaseti ya zimamoto kwa pumzi ndefu kama walivyofanya zamani, akaichomeka. Gemu haikuwaka. Akaichomoa, akaipuliza tena. Muziki ule mwembamba, wa noti saba zinazojirudia, ukajaa chumbani, na kwa dakika nzima wanaume wawili wa miaka hamsini walisimama wakiutazama mtu mdogo mwenye kofia nyekundu akingoja chini ya jengo.

"Cheza," fundi akasema.

"Anza wewe."

"Wewe ndiye bingwa. Cheza."

Mgeni aliketi, akailaza padi gotini, akabonyeza kwa mkono wa kushoto peke yake. Zimamoto akapanda ghorofa ya kwanza. Kwenye ghorofa ya pili chungu cha maua kikampata kichwani. Mara ya pili, palepale. Mara ya tatu alitumbukia mwenyewe bila hata kusukumwa.

Fundi alisikia damu ikimpanda. Nyuki hakuwahi kufia ghorofa ya pili tangu azaliwe.

"Nimesahau," mgeni akasema polepole.

"Kuna vitu mtu hasahau."

Lingefuata tusi, kama si mkewe kuingia na sinia la chai. Yeye aliona tu watu wawili wamenuniana mbele ya mchezo wa watoto. "Zimeni hiyo, itawaua," akasema. "Wekeni filamu nami nicheke." Akachukua kanda ya juu kabisa, akaisukuma kwenye deki.

Ilikuwa ile ya farasi. Picha ilicheza-cheza, ikatulia. Mji wa vumbi, majambazi wamejipanga na bunduki, na stelingi akiingia kwa mbwembwe akiwa na kofia kubwa kuliko mabega yake. Kisha farasi, katikati ya barabara, akaketi kama mbwa. Filamu ilisema maneno yake ya kigeni, ambayo hakuna hata mmoja chumbani aliyeyaelewa.

"Bwana stelingi," mgeni akasema, "mkataba wetu uliishia mtoni. Shuka, utembee."

Fundi akageuka. Sauti haikuwa ya mgeni. Ilitokea puani, yenye mkwaruzo, ikijivuta mwishoni mwa sentensi kama mtu anayefunga mlango mzito. Maneno yale hayakuwahi kuandikwa kitabuni, na hakuna aliyeweza kumfundisha mtu. Yalisemwa na mtu mmoja tu, kando ya runinga moja, mbele ya mabenchi sita.

"Nimekulisha," mgeni akaendelea, sasa kwa sauti ya stelingi, "nimekunywesha, nimekununulia viatu vinne kwa mpigo, nani mwingine duniani ananunuliwa viatu vinne?"

Kwenye runinga jambazi mmoja alimnong'oneza mwenzake. Na fundi, kabla hajajizuia, akasikia kinywa chake chenyewe kikisema, "Mkubwa, tuwapige risasi?"

"Ngoja kwanza," mgeni akamjibu, "ugomvi wa nyumbani hauingiliwi."

Mama alikuwa amejikunja kwenye kochi, machozi yakimtoka kwa kicheko. Mgeni alikuwa amesimama, akiwanyooshea majambazi mkono kama fimbo, na huo mkono ulikuwa wa kulia. Ulikuwa umetoka mfukoni bila yeye kujua. Kidole gumba na kile cha shahada vilikaa vimenyooka kama vijiti, ngozi yake imekunjamana na kung'aa.

Aliona fundi anautazama. Akaushusha.

"Kiwanda cha mabati," akasema. "Mwaka wa nne tangu niondoke. Mashine ilishuka kabla sijatoa mkono. Nikajifunza kuandika upya kwa kushoto, kama mtoto wa chekechea." Akaketi. "Sikutaka uuone. Kwenu nilikuwa Nyuki. Nyuki asiye na mwiba anaitwa nani?"

Fundi alikumbuka ule mwandiko kwenye karatasi, na uso ukamwaka moto.

"Nawe," mgeni akaongeza, wala hakuinua sauti, "ukilifungua tena kufuli la begi langu, ulirudishe lilivyokuwa. Umelifunga tundu likitazama juu. Mimi hulifunga likitazama chini, vumbi lisiingie. Ulinifundisha wewe."

"Umefungua begi la mgeni?" mama akauliza, na kicheko kikamkatika.

"Nilikuwa..." fundi akaanza.

"Ulikuwa unathibitisha," mkewe akamalizia. "Mungu wangu."

Mgeni hakutaka kulikalia hilo. Habari za kifo cha baba yake, akasema, zilimfikia miezi saba baadaye, kwa dereva wa lori aliyewahi kuangalia filamu pale. Aliona haya kurudi kwenye kaburi la mtu ambaye hakumzika. Mwaka jana alianza kujaribu kuikumbuka sauti ya baba, si maneno, maneno alikuwa nayo, bali sauti yenyewe, akaona anapokumbuka anasikia sauti yake mwenyewe akimwigiza. "Nikakumbuka ile kanda. Mwaka ule koo lilipomuuma, daktari akamkataza kusema. Alichomeka kipaza sauti akajirekodi juu ya filamu ya jasusi, ili siku mbaya aiweke na yeye akae kimya. Aliibandika karatasi nyekundu. Ni hiyo tu ninayoitaka. Si hata kuichukua. Nirekodi sauti, niende zangu."

Fundi alinyanyuka akaenda kusimama dirishani.

"Ile iliharibika," akasema. "Unyevu."

"Kanda kumi zimepona, unyevu ukaila moja?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Nionyeshe basi."

"Nimeitupa."

Sasa macho ya mgeni ndiyo yaliyomganda fundi mgongoni, na fundi akajua, kwa mara ya kwanza maishani mwake, jinsi wateja wake wanavyojisikia wakisimama mlangoni kwao. Nyani haoni kundule, lakini siku wakimwonyesha hana pa kukaa.

"Unanificha kitu, ndugu yangu," Nyuki akasema. "Umeiuza?"

"Sijauza kitu cha mjomba!"

"Karatasi nyekundu?" mama akauliza, akiwaangalia huyu na huyu. "Si ndiyo ile kanda ya harusi yetu? Ipo chumbani, kwenye sanduku langu la vitenge."

Kwenye runinga farasi alikuwa bado ameketi.

Fundi akaeleza, mgongo ukiwa bado umewageukia. Harusi ilifanyika mwaka mmoja baada ya mjomba kufariki. Rafiki mmoja aliazima kamera, lakini kanda tupu haikupatikana mjini kote siku ile. Akachukua moja kasha likiwa gizani, bila kutazama, au labda alitazama. Miaka yote amekuwa akijiambia hakutazama. Alipogundua ni ipi, mwenye kamera alikuwa amekwisha kurekodi. "Nikasema Nyuki hatarudi. Nani ataiulizia?" Akageuka. "Ulipoiulizia kwenye simu, nilitamani uwe mwizi. Ungekuwa mwizi nisingedaiwa jibu."

Nyuki alikaa muda mrefu ameshika kile kidole chake kigumu, akikisugua. Alikuwa na hasira, na hakuificha. Alisema amesafiri siku mbili. Alisema afadhali ingekuwa unyevu. Kisha mama, ambaye alikwisha kwenda chumbani wakati wao wakitazamana, akarudi na ile kanda, karatasi yake nyekundu imepauka ikawa ya waridi.

"Filamu ya saa moja na nusu," akasema. "Harusi yetu haikurekodiwa muda wote huo. Kamera iliisha betri baba yangu akiwa kwenye nasaha. Hakuna aliyewahi kuiacha iendelee mbele?"

Hakuna. Kila walipoitazama, baba mkwe akikatika, waliizima.

Wakaiweka. Walitazama harusi yote, kwa sababu fundi aliogopa kuikimbiza mbele isije ikajinyonga. Wakawaona shangazi wakicheza, wakamwona fundi mwembamba kama msumari akiwatilia shaka wapishi. Baba mkwe alisimama, akainua kidole, akasema, "Ndoa, wanangu, ni," na picha ikakatika. Ikaja chenga. Chenga nyingi, kelele kama mvua juu ya bati. Mama akashika mkono wa mumewe.

Kisha jasusi akatokea, amejificha nyuma ya pazia lililomfika magotini, viatu vyake vikionekana, na sauti ikasema: "Hapa hawatanipata kamwe. Pazia hili nililishonesha mwenyewe."

Ilikuwa sauti ya puani, yenye mkwaruzo, na koo likiuma kweli. Nyuki hakucheka wala hakulia. Alisogea mpaka magoti yake yakagusa meza ya runinga. Mjomba alimsemea jasusi, akamsemea mlinzi, akaingiwa na kicheko chake mwenyewe, akakohoa, akakohoa tena. Ikasikika fimbo ikiwekwa chini.

"Nyuki," sauti ikaita, si kwa ajili ya watazamaji. "Nyuki, niletee maji."

Na yule mtu wa miaka hamsini na moja, mwenye mvi na koti la kijivu, akanyanyuka nusu kwenye kiti.

Alibaki hivyo, mikono juu ya meza, mpaka kwenye kanda ikasikika miguu ya mtu akikimbia, bilauri ikigonga, na mjomba akasema ahsante na kurudi kwa jasusi wake. Ndipo akaketi, akauficha uso kwenye kiwiko. Fundi alimwekea mkono begani. Sehemu iliyobaki ilikuwa dakika tisa kwa jumla.

Nyuki alikuwa amepanga kukaa siku tatu, akakaa kumi na moja. Walirekodi zile dakika tisa kwenye kifaa chake, nakala mbili. Alimkasirikia fundi kwa siku mbili nzima baada ya hapo, akala naye bila kumsemesha, kisha siku ya tatu akamwita amshikie padi: fundi abonyeze kitufe cha kuruka, yeye aongoze kwa mkono wa kushoto. Walifika ghorofa ya nne wakigombana kila ngazi, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kwa kumuua zimamoto makusudi.

Sasa Nyuki huja kila mwaka. Akija hutaka kuisikia sauti kwenye kanda yenyewe, si kwenye nakala, lakini mama amekataa katakata harusi yake irukwe. Basi hukaa wote watatu, na chai, waitazame tangu maharusi wanaposhuka garini. Nyuki anawajua shangazi wote wa harusini kwa majina, anajua yupi alimkanyaga nani katika ngoma ya pili, na amekwisha kumtungia baba mkwe mwisho wa nasaha yake, kila mwaka mwisho mpya.